Bathdei Niliyoona Haya Kuitaja

Bathdei nimepanga moja tu maisha yangu yote. Matanga nimepanga mengi, hata ukiniamsha usingizini nitakuambia nani apewe kazi ya kuchota maji na nani asikaribie nyama. Miaka hiyo ya tisini, huku kwetu Kosele, mtu alizika Jumamosi hii na Jumamosi iliyofuata akaenda kuchimba kaburi kwa jirani. Kwa hiyo nilipopewa kazi ya bathdei niliishika kwa mikono ya matanga. Mikono mingine sikuwa nayo.

Mimi shule niliacha darasa la tatu nikawa fundi baiskeli sokoni. Hata siku niliyozaliwa siijui. Mama alisema nilikuja mwaka wa nzige, lakini nzige walikuja zaidi ya mara moja, na nilipomuuliza ni nzige gani alikasirika. Siku ya kuandikisha kipande, yaani kitambulisho, karani alitazama ile foleni yetu ndefu, akachoka, akatuandikia wengi wetu tarehe moja mwezi wa kwanza. Nusu ya rika langu tuna bathdei moja, na hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kupikiwa kitu siku hiyo. Basi usinicheke ukisikia nilivyoharibu.

Habari ya bathdei ililetwa nyumbani na binti yangu kutoka Isebania. Huko alikaa miaka kadhaa akibadilisha pesa pale mpakani, mumewe akiendesha lori. Mume akafa. Baada ya muda binti akarudi kwetu na begi moja, mtoto mmoja wa kike, na kikohozi. Ugonjwa wenyewe siku hizo hatukuutaja. Tulisema anaumwa kifua. Aliyesikia alijua, na sisi tulijua kwamba anajua, tukasalimiana hivyo hivyo.

Pale Isebania walipanga kwenye nyumba za mstari, watu wa kila kabila, na mtoto wa mmoja akifikisha mwaka wote walikula keki. Mjukuu wangu alikuwa amefanyiwa tatu. Ya nne ikawa inakuja na mama yake yuko kwangu, amelala mkekani, mikono imekuwa kama vijiti vya kufumia.

Akaniita siku moja nikiwa naziba pancha mlangoni. "Baba, mtoto atafanyiwa bathdei?"

"Bathdei ni ya watu wa mjini," nikamwambia.

"Basi niletee mji hapa."

Nikacheka, nikafikiri ni maneno ya homa. Yeye hakucheka.

"Baba, sikiliza. Huyu mtoto ananijua nikiwa nimelala. Akiamka nimelala, akienda kucheza nimelala. Nataka siku moja anione nimekaa kwenye kiti, nimevaa nguo. Hiyo ndiyo abaki nayo. Mengine asahau."

Nilikubali. Jioni mama yake, yaani mke wangu, akaniuliza kama nimerukwa na akili, chakula chenyewe tunahesabu, halafu akageuka ukutani akafuta macho. Asubuhi alikuwa ameshachagua kuku watakaochinjwa.

Tulipanga wiki mbili. Nilichoka kuliko nilivyowahi kuchoka na kazi yoyote, na kazi yenyewe ilikuwa ndogo ndogo. Leo mishumaa. Kesho mke wangu anasema baluni zipo kwa yule anayeuza madaftari, naenda, ziko tatu na moja imetoboka. Katikati ya hayo binti anapata siku mbaya, tunaacha yote tunakaa naye, halafu anafumbua macho anauliza, "Keki mmeagiza?" Kila niliposikia akikohoa nilikuwa naomba Mungu kitu ambacho sikuwahi kuomba: si apone, maana huko nilishaacha kuomba, bali afike Jumamosi akiwa anaweza kukaa.

Keki nilikwenda kuagiza Homa Bay mjini, kwa mama mmoja Mwislamu ambaye mumewe alikuwa na duka la vitambaa. Alioka kwa sufuria, makaa chini na makaa juu ya kifuniko. Akaniuliza aniandikie nini juu yake.

"Jina la mtoto," nikasema.

"Na miaka?"

"Minne."

"Maashallah. Ni kitinda mimba wako, mzee?"

"Mama, mimi nitinde mimba gani sasa? Ni mjukuu."

Alicheka mpaka akashika meza. Ijumaa nikairudia kwa baiskeli, keki ndani ya boksi la sabuni, na njia ya kurudi sehemu kubwa niliitembea nikisukuma, maana kila shimo niliona ile keki inavunjika moyoni mwangu kwanza. Ilifika imelala upande kidogo. Herufi moja ya jina ilikuwa imeingia kwenye nyingine.

Sasa nije kwenye kosa, na kosa ni langu.

Tulikuwa hatuna sufuria kubwa wala viti. Hivyo vitu kijijini vilikuwa vya chama cha akina mama, na mweka vitu alikuwa mjane mmoja mnene, mkali, aliyevifungia nyumbani kwake. Vilinunuliwa kwa ajili ya misiba. Arusi ilikuwa imepita muda mrefu hatujaiona. Ile Ijumaa niliporudi, keki nikiwa nimeiacha nyumbani, nikaenda kwake.

"Nimekuja kuchukua sufuria," nikasema. "Zile mbili kubwa. Na viti ishirini."

"Za lini?"

"Kesho."

Akanitazama. Hapo ndipo ningesema. Neno lilikuwa mdomoni kabisa. Lakini hebu fikiria, mwanamume mzima, mikono ina grisi, binti yake ni mgonjwa na kijiji kizima kinajua, anasimama mbele ya mjane na kusema anaazima sufuria za bathdei. Niliona haya. Nikatazama kuku wake.

"Pole sana, jaduong', mzee wangu," akasema, na sauti yake, ile ya ukali, ikawa laini kama uji.

"Asante," nikasema. Maana nilikuwa naambiwa pole kila siku, sokoni, kanisani, njiani. Sikujua hiyo ilikuwa nyingine. Akafungua mlango, hakuuliza tena, hata akanisaidia kufunga viti kwenye mkokoteni. Nikarudi nimefurahi kwamba nimeponea maswali.

Jumamosi mke wangu alimwogesha binti yetu mapema, akampaka mafuta, akamvalisha gauni la kijani aliloshonewa Isebania. Lilikuwa limemzidi, ikabidi likunjwe nyuma na kukazwa kwa pini. Tukamtoa tukamweka kwenye kiti mbele ya nyumba, mto mgongoni. Na kweli alikaa. Mtoto alikuja akasimama mbele yake na baluni, akamtazama sana, akamuuliza, "Mama, unaenda wapi?"

"Siendi. Nimekuja bathdei yako."

Tulikuwa tumealika nyumba tatu tu, zenye watoto wa rika lake. Bado hawajafika. Nyama iko motoni. Ndipo tukasikia nduru kutoka upande wa kijito.

Nduru ya kilio unaijua. Kwetu mtu haji msibani kimya, anaanza kulia tangu njiani ili wenye boma wajue anakuja. Nilifikiri, maskini, nani tena? Nikasimama kutazama inaelekea wapi. Inaelekea kwangu. Mbele alikuwa shemeji yangu, mke wa marehemu kaka yangu, mikono kichwani, leso kiunoni, na nyuma yake mweka sufuria, na nyuma yao akina mama sijui thelathini.

"Uwi! Uwi! Binti yetu! Umemwachia nani mtoto? Ulikuwa mzuri, ulikuwa mpole, uwi!"

Wakaingia langoni hivyo. Shemeji akafika katikati ya uwanja, akamwona binti yangu amekaa kitini, gauni la kijani, anamtazama. Mdomo ukabaki wazi, sauti ikakatika. Wa mbele wakanyamaza. Wa nyuma, ambao hawakuona, waliendelea kulia na kusukuma.

"Mama, karibu," binti yangu akasema. "Lakini mmefika mapema. Bado niko."

"Wewe," shemeji akasema. "Wewe uko?"

"Niko. Kaa chini, soda zipo."

Mke wangu alitoka jikoni na mwiko. "Nani amewaambia? Nani amemlilia mtoto wangu angali hai? Semeni!"

Mweka sufuria akaninyooshea kidole. "Jaduong' amechukua sufuria! Amechukua viti! Nimemwambia pole, amesema asante! Sufuria hizo za nini kingine?"

Wote wakanigeukia. Sijawahi kutazamwa hivyo, hata siku niliyooa. Nikasema, "Ni za bathdei." Kwa sauti ndogo. Mmoja wa nyuma akauliza, "Amesema ni nini?" Ikabidi nirudie.

Kwetu kumlilia aliye hai ni jambo baya, ni kama umemwita mauti kwa jina la nyumbani. Wale akina mama wakafunika nyuso kwa leso. Na hapo binti yangu akaanza kucheka. Alicheka, akakohoa, akashikwa mgongo, akapumua, akacheka tena. Akasema, "Ati mpole! Mama, lini umeniona mpole?" Mjukuu akamwona mama yake anacheka, naye akacheka. Basi ikawa hivyo, mmoja mmoja, mpaka mweka sufuria mwenyewe akaketi chini na kupiga mapaja.

Hawakuondoka. Wangeondokaje, na harufu ya kuku inatoka? Wimbo wa bathdei hakuna aliyeujua, wakaimba ule wa kanisa waliokuja nao tayari mdomoni, wa kumsindikiza mtu, lakini wakauimba kwa kupiga makofi. Upepo ulizima mishumaa kabla ya mtoto kupuliza, tukawasha, ukazima, tukaacha. Keki ikakatwa vipande kama vya sakramenti. Binti yangu alivigawa mwenyewe, kwa mkono wake, na nilimtazama shemeji, kwa sababu ndiye aliyekuwa amesema kwamba huyu asiguse vikombe vya watu. Shemeji alipokea. Akakiangalia kile kipande kidogo. Akakila.

Mchana ulipogeuka tulimrudisha binti yetu ndani. Alikuwa amekwisha nguvu kabisa. "Umesikia shemeji yako alivyolia?" akaniuliza. "Sikujua ananipenda."

"Labda hakupendi. Ni fundi wa kulia tu."

"Hata hivyo."

Hakufika mavuno. Nilipokwenda tena kwa mweka sufuria, alisimama mlangoni na ufunguo mkononi, akaniuliza polepole, "Za nini, jaduong'?" Hakuwa na ubaya. Alikuwa hataki kukosea mara mbili. Lakini ilibidi niseme mwenyewe, kwa mdomo wangu, kwamba ni za matanga ya binti yangu, na hiyo ndiyo mara ya kwanza kulisema.

Mjukuu sasa ni mama wa watu, ana watoto wake wawili shuleni Migori, na kila mwaka anawafanyia keki. Juzi alipokuja nilimuuliza kama anakumbuka ile siku. Anakumbuka wanawake wakilia, na baluni. Anakumbuka mtu wa gauni la kijani anacheka kwenye kiti.

"Uso wake?" nikamuuliza.

"Uso hauji, Kwara," akasema, anavyoniita babu yake. "Gauni linakuja, kicheko kinakuja."

Na hapo sijui. Habari hii nimemsimulia tangu akiwa mdogo, jioni nyingi, na gauni nimelitaja kila mara. Huenda anayoyaona ni yake. Huenda ni yangu niliyompa. Sikumuuliza tena, alikuwa na safari, na mimi nilikuwa nimechoka kukaa.