Fain

Nikipita kwa mafundi wa mbao Kawangware, harufu ya mbao mbichi hunifanya nijishike shingo. Shuleni kwetu Kibera, ukiongea lugha nyingine ila Kizungu, ulivikwa kibao cha mbao shingoni. Dada yangu mdogo, aliyetoka mashambani juzi tu, alijua neno moja la Kizungu: fain, yaani niko sawa. Penseli ikivunjika, fain. Njaa ikimuuma, fain.

Siku hiyo, dawatini kando yangu, alikuwa akitetemeka. Mwalimu akamuuliza kama ni mgonjwa.

"Fain, ticha."

Nilijua anaungua, lakini Kizungu cha homa sikuwa nacho, na kibao nilikiogopa. Nikainamia daftari langu. Alipoanguka, nikapiga nduru kwa Kiluhya. Mwalimu akambeba mbio hadi zahanati. Monita wa darasa akanivika kibao.

Jioni nyumba yetu ilijaa watu wa msiba wakimlilia kwa Kiluhya, na kibao bado kilikuwa shingoni mwangu.