Shahidi wa Straton

Straton Hakorimana alirudi Masisi mwaka 1945 na medali kifuani na furushi la hariri mgongoni, lakini hakuwa na shahidi. Na bila shahidi hangepewa Dancille awe mke wake.

Kwa wafugaji wa milima ile, mwanamume akitaja ushujaa wake mbele ya wakwe, lazima mwingine aitikie: "Nilikuwepo! Niliona!" Wenzake wa jeshini wote walikuwa watu wa mbali, wa Kasai na Ubangi.

Mzee Kanyamibwa, babake Dancille, alimsikiliza jicho moja amelifumba. Ati kule Palestina kapiteni mmoja aliruka kutoka ndegeni, akatua, upepo ukaijaza parashuti yake ya hariri, ikamkokota kuelekea kwenye mawe. Ati Straton aliizunguka kama mchungaji anavyomzunguka ng'ombe aliyekata kamba, akaulalia ukingo wake, ikasinyaa. Kapiteni akapona, akampa parashuti ile ile.

"Nguo imukokote muntu muzima?" Kanyamibwa alicheka. "Mutoto, uliona vita ao uliona pombe?"

"Papa, iko hapa. Tuifungue."

"Fungua! Na unifunge mimi mwenyewe. Mimi niliangusha fahali kwa pembe!"

Straton alisita, lakini angekataaje? Wakapanda kilimani, akamfunga mikanda.

Parashuti ililala, ikapumua kidogo, kisha puu! ikasimama kubwa kuliko kanisa. Mzee alipiga hatua mbili za kishujaa. Ya tatu hakuipiga: alikuwa anateleza kwa tumbo, fimbo huku, kofia kule, ng'ombe wanatimka, wanawake wanalia, "Yesu! Bonde! Bonde!"

Wote walimfuata nyuma. Straton peke yake alikimbia mbele, akaizunguka, akajitupa kifua juu ya ukingo. Hariri ikatoa pumzi ndefu, ikalala. Bonde lilikuwa hatua saba tu.

Kanyamibwa akaketi, akatema majani.

"Papa, uko muzima?"

"Anza tena habari yako."

"Papa, lakini..."

"Anza, nasema!"

Straton akaanza. Hakufika hata kwenye mawe, mzee akaruka wima: "Nilikuwepo! Niliona! Dancille, leta maziwa, mukwe wangu ana kiu!"

Watoto wao watano walibatizwa katika hariri ile. Kipande cha mwisho kilitandikwa juu ya jeneza la Straton, mwaka huu wa 1957. Padri alipomaliza sala, Kanyamibwa, ambaye sasa haoni, aliinuka bila kushikwa mkono, akaelekeza uso juu.

"Bwana," akasema, "ukimuuliza shahidi wake ni nani, ni mimi."