Kondishina Isiyonukia

Kichwa changu kilinukia maua kwa miaka minne, na kwa miaka hiyo minne mama mkwe wangu hakukaa karibu nami hata kwa dakika kumi.

Nililelewa sehemu inayoitwa Kwanza, karibu na Kitale, katika familia iliyotoka Mkoa wa Kati kutafuta shamba la mahindi. Mwishoni mwa miaka ya themanini niliolewa na mwalimu ambaye kwao ni karibu na Kibabii, huko Bungoma, tukapanga nyumba Kitale alikofundisha. Kila mwisho wa mwezi tulikwenda Bungoma kumsalimia mama yake. Na kwa kuwa sikutaka kuonekana mke aliyeokotwa shambani, siku moja kabla ya safari nilipitia saluni nikaoshwa nywele, nikapakwa kondishina ya kunukia, kisha nikaongeza mafuta mengine ya kunukia juu yake. Nilipoketi kwenye kochi, kitambaa cha kuegemea kilinukia hadi Jumatano.

Mama mkwe alinipokea kwa mikono miwili. Alinipa chai, akaniuliza habari za mahindi ya kwetu, kisha akakohoa, akasema anaenda kuangalia kuku. Wale kuku waliangaliwa kuliko kuku wowote wa wilaya ile. Nikitoka kumfuata nyuma ya jikoni, alikumbuka kuni. Nikienda kwenye kuni, alikumbuka jirani mgonjwa.

Kabla sijaolewa, shangazi yangu aliniketisha akanieleza mambo ya huko niendako. Shangazi hakuwahi kuvuka mto Nzoia, lakini alikuwa na maelezo kamili. "Huko wakwe hawakaribiani," aliniambia. "Ni heshima yao. Ukiona mtu anakuhepa, na wewe hepa kidogo." Kumbe heshima aliyosikia habari zake ni ya mke na baba mkwe, na ya mume na mama wa mkewe. Mimi baba mkwe alikuwa ameshafariki, kwa hiyo heshima yote nikaielekeza kwa mama. Akihama kiti kimoja, mimi nilihama viwili. Tulikuwa tukisalimiana kama watu walio ng'ambo mbili za barabara.

Ningeishi hivyo bila shida kama si siku za Jumamosi. Jumamosi mchana mama mkwe alitandika mkeka nyuma ya jikoni, akatoa chanuo la mti na uzi mweusi, na wake wa shemeji zangu wakaja mmoja mmoja kusukwa. Waliketi chini katikati ya magoti yake, naye aliwasuka huku akiwauliza mambo ambayo hayaulizwi mezani. Wawili kati yao waliolewa baada yangu. Walikuwa wakwe kama mimi, na hakuna aliyewahepa. Mimi niliketi kwenye kigoda upande wa pili, nikichambua mboga ambazo zilikwisha kuchambuliwa. Iliniuma, nisiseme uongo. Mama yangu mwenyewe alikufa nikiwa darasa la sita, na tangu hapo kichwa changu kilikuwa kimeshikwa na watu wa kulipwa tu.

Nikaamua kwamba hanipendi kwa sababu sipendezi vya kutosha. Dawa yake nikaiona ni kununua kondishina ya bei zaidi, yenye harufu zaidi.

Aliyeniokoa ni wifi yangu, dada mdogo wa mume wangu, msichana asiyeweza kukaa na neno mdomoni. Alikuja Kitale kutafuta viatu vya shule, akalala kwetu. Asubuhi alitoka bafuni ameshika chupa yangu.

"Wifi, hii ndiyo unapakaa ukikuja nyumbani?"

"Ndiyo. Unaitaka?"

"Si ndiyo inaua mama, bana. Mama ako na kifua. Kanisani hukaa dirishani juu ya halufu ya wamama. Ukiondoka huwa anafungua milango yote."

Nilimuuliza kwa nini miaka yote hakuna aliyeniambia.

"Mama alikataza. Alisema huwezi ambia mtoto wa wenyewe ati halufu yake ni mbaya. Atalia, alafu atarudi kwao."

Nilifurahi nikakasirika kwa pamoja. Nilifurahi kwa sababu sikuchukiwa. Nilikasirika nilipokumbuka kwamba kila mwezi nilikuwa nimejipamba vizuri, nikasafiri hadi Bungoma, kwenda kumziba pumzi mama wa watu.

Mtu atasema ningeacha tu kupaka. Asiyezijua nywele zangu aseme. Ni nyingi na ni ngumu, na zikioshwa bila kulainishwa hukauka zikasimama wima. Nilijaribu wiki moja, nikavunja machanuo mawili na mume wangu akaniuliza kama tumegombana. Mama mkwe asingeweza kuzisuka zikiwa hivyo hata angetaka. Nilihitaji kondishina isiyonukia.

Jaribu kuingia duka la Kitale la wakati ule uulize kitu kama hicho. Mwenye duka wa kwanza alinionyesha ya nazi. Nikasema inanukia. Akanionyesha ya tufaha. Nikasema hiyo inanukia zaidi. Akaniangalia kwa huruma. "Mama, watu wananunua ndiyo inukie. Isiyonukia si ni maji tu?" Kwenye saluni, msichana alinifungulia chupa tisa, nikazinusa zote mpaka nikashindwa kutofautisha ya waridi na sabuni ya kudekia. Moja ilikuwa imeandikwa wazi kwamba haina manukato. Niliikimbiza nyumbani, nikaipaka, nikanukia chumba cha wageni.

Nikageukia vya jikoni. Yai lilinifanya ninuke keki iliyokataa kuiva. Samli ililainisha vizuri sana, lakini nzi walinisindikiza hadi kanisani wakaketi nami ibada nzima. Kila nikijaribu kitu nilimwinamishia mume wangu kichwa anuse. Huyu ni mtu aliyevuta vumbi la chaki miaka kumi, na pua yake ilikuwa pambo la uso tu. Alinusa kwa makini, akafikiri, akasema, "Nasikia kichwa."

Mwisho niliingia duka la dawa. Mwenyewe alikuwa mzee wa koti jeupe, mtu asiyecheka. Nikamweleza nataka cha kulainisha nywele, kisiwe na harufu yoyote.

"Una ugonjwa wa ngozi?"

"Hapana. Nina mama mkwe."

Hakucheka hata hapo. Alikwenda nyuma akarudi na mkebe mkubwa wa krimu nyeupe ile wanayopewa watoto wenye ngozi kavu. Akaniambia watu huipaka mwilini, lakini mke wake huipaka nywele akishaziosha, kisha anaisuuza. Nikafungua, nikatia pua ndani. Hakuna kitu. Nikanusa tena, maana kwa wakati ule sikuwa na imani na pua ya mtu yeyote, hata yangu.

Jumamosi iliyofuata niliosha nywele kwa maji ya mvua, nikaipaka ile krimu, nikaisuuza mara tatu. Nywele zikalala kama zimeshauriwa. Nikavaa gauni lililofuliwa na kusuuzwa hivyo hivyo. Tukaenda Bungoma.

Mkeka ulikuwa umeshatandikwa, na wifi alikuwa anamalizia kusukwa. Mama mkwe akanisalimia, nami sikwenda kwenye kigoda. Niliketi ukingoni mwa mkeka. Nikangoja kikohozi. Hakikuja. Nikasogea kidogo, nikijifanya ninaokota uzi. Hakikuja. Wifi alikuwa ananiangalia amebana midomo asicheke. Nikasogea tena, hadi bega langu likagusa goti la mama mkwe.

Mama akaniinamia. Nilimsikia akivuta pumzi polepole juu ya kichwa changu, akaitoa, akavuta tena.

"Umeacha ile kitu yako," akasema.

"Nimeacha, mama."

"Nani alikwambia?"

Wifi akainuka upesi, akasema anaenda kuangalia kuku.

Mama mkwe akatanua magoti, akapiga mkeka kwa kiganja pale alipotoka wifi. Nikaketi. Alitia vidole kwenye nywele zangu, akazipima huku na huku, akazigawa katikati kwa chanuo.

"Nilikuwa nataka kuzisuka tangu siku ile uliolewa," akasema. "Ziko mingi. Lakini nilisema huyu ni wa saluni. Hawezi taka mikono ya jembe."

"Mimi nilidhani ni wewe hunitaki, mama."

Mikono ikasimama kichwani mwangu.

"Miaka mine yote?"

"Yote."

"Mayi," akasema, na huko hilo ndilo neno la kumwita mama, na pia la kumbembeleza mtoto. Akanishika kichwa kwa mikono yote miwili akakibana kwenye goti lake, akakaa hivyo. Halafu akachukua uzi, akaanza kusuka.

Machozi yalinitoka, nikashindwa kuyazuia. Wifi alirudi kutoka kwa kuku wake, akanitazama, akacheka. Akasema mama hukaza uzi sana, kila mtu hulia mara ya kwanza. Nikamwambia ni kweli, unauma.