Uzi wa Njano kwenye Viatu vya Kiberiti

Kaka yangu ana ugonjwa mmoja usio na dawa: hawezi kushika kiatu akakirudisha kilivyo. Mpe kiatu akushikie tu wakati unamfunga mtoto mgongoni, ukigeuka utakikuta kimeshafumuliwa ubavuni na sindano iko ndani. Ni fundi viatu, mwaka wa thelathini na moja huu, kwenye kibanda kile kile cha mabati nyuma ya duka la dawa, na mtaa mzima unamwita Mzee Uzi. Uzi wenyewe ni wa njano. Zamani kiwanda kimoja cha mahema kilifungwa, naye akanunua mabunda yote ya uzi ambayo hakuna mwingine aliyeyataka. Tangu hapo kila kiatu kinachotoka mkononi mwake kina mshono wa njano, kiwe cheusi cha mwalimu au cheupe cha bibi harusi. Watu wamelalamika mpaka wamechoka.

Niseme mapema kwamba haya siyasimulii kama mpita njia. Nilikuwa mkimbiaji, tena si wa kubahatisha. Siku zetu udhamini ulikuwa na njia moja tu: ushinde, ushinde tena, ushinde mara ya tatu, ndipo bwana mwenye tai ashuke kwenye gari akupe mkono. Mimi nilidhaminiwa na kiwanda cha magodoro. Walinipa fulana yenye jina lao kifuani, na godoro moja, ambalo mama alilichukua siku hiyo hiyo akalilalia yeye. Viatu havikuwamo kwenye makubaliano. Kaka, ambaye alikuwa bado anajifunza kazi, alinitengenezea jozi moja kutokana na mabaki ya jozi tatu, na nikashinda navyo. Gazeti likatoa picha yangu nikikata utepe. Mpiga picha alitakiwa aonyeshe fulana, basi akanikata magotini. Picha hiyo bado iko ukutani kwangu, na miaka yote nikiitazama naona mtu anayeelea hewani.

Sasa binti ya kaka, tunayemwita Kiberiti kwa jinsi anavyowaka mapema kwenye mbio, hajawahi kushinda mashindano ya taifa. Anakimbia mita mia nane, na mwaka jana alishika nafasi ya nne. Mchana anapiga pasi kwa dobi, kwa muda wa saa nane amesimama, halafu jioni anaitaka miguu ile ile ikimbie. Lakini ana simu, na ana mdomo. Kila alfajiri anajirekodi mazoezini, anahema, anajitania, anaonyesha malengelenge yake bila haya, na watu elfu sitini wanamfuata mtandaoni. Mimi nilimwambia kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Akanijibu kwamba siku hizi hata kizuri kinajitembeza, shangazi, la sivyo kinaozea ndani.

Na kweli, kampuni ya viatu ikamwandikia kwenye simu. Nilimuuliza mara tatu bwana mwenye tai yuko wapi. Hakuwepo. Alikuwepo dada mmoja wa kampuni, sauti tu, ambaye hawajawahi kuonana lakini anajua vizuri Kiberiti anaamka saa ngapi kuliko ninavyojua mimi. Masharti yalikuwa haya: watamtumia jozi mpya, aifungue mbele ya watu, mubashara, Alhamisi asubuhi uwanjani, kisha Jumamosi akimbie nayo mashindanoni. Mambo yakienda vizuri, anasaini mkataba siku hiyo hiyo, anaachana na pasi, anafanya mazoezi mara mbili kwa siku kama wanariadha wenzake. Nilikuwa na furaha hadi nikasahau kuweka sukari kwenye chai.

Boksi lilifika Jumatano jioni, na Kiberiti akaliacha kibandani kwa baba yake aje kulichukua asubuhi. Mwanangu, fisi unamwachia bucha?

Alhamisi tulikuwa uwanjani saa kumi na mbili na nusu, mimi nimeshika simu. Watu elfu tisa walikuwa wanatazama. Kiberiti akapasua utepe wa gundi, akafungua kifuniko, akatoa viatu vyeupe pe, na pembeni mwa kile cha kushoto, kutoka kidoleni hadi kisiginoni, ulipita mshono wa njano. Maoni yakaanza kumiminika: feki, mtumba, kampuni inadanganya watu. Hatujatoka uwanjani, dada wa kampuni akapiga. Sauti yake ilikuwa ya upole, na hilo ndilo lililonitisha. Boksi lilitoka kwao likiwa limefungwa, alisema, na sasa jina lao linachafuka. Kama saa sita mchana itafika bila maelezo ya kueleweka, mkataba hakuna.

Nilifika kibandani nikifoka. Nilimwambia kaka maneno ambayo mdogo mtu hapaswi kumwambia mkubwa wake, pamoja na habari ya jinsi alivyolibandika boksi upya kwa ustadi wa mwizi. Hakubisha. Alikaa kwenye kigoda, mikono magotini, akasema atafumua uzi sasa hivi na hakuna atakayejua. Kiberiti akamzuia. Alitaka kujua kwanza kwa nini amefanya vile.

Kaka akachukua kiatu cha zamani cha Kiberiti, akakigeuza, akaonyesha soli ilivyolika upande mmoja.

"Mguu wako wa kushoto unatua kwa ubavu, tangu ulipoanza kutembea," alisema. "Kile kiatu chao ni kizuri, sikikosoi. Lakini kimeshonwa kwa ajili ya mtu yeyote. Mimi nimekishona kwa ajili yako."

Kisha Kiberiti akainua simu. "Baba, sema hivyo hivyo tena. Na uwaonyeshe soli."

Akasema tena, kwa kigugumizi, sindano mkononi, nta kwenye kidole gumba. Video ikaenda. Jamani, sijawahi kuona kitu kama kile. Kabla sijamaliza kumwomba kaka radhi ilikuwa imetazamwa mara laki moja. Watu walianza kutuma picha za viatu vyao na kuuliza kibanda kiko wapi. Wateja wa mtaani, wale wale walalamishi, wakaonyesha mishono yao ya njano kwa majivuno. Saa sita ikafika, dada wa kampuni kimya. Saa sita na robo, kimya. Moyo ulinidunda kama niko kwenye mstari wa kuanzia. Saa sita na nusu akapiga, akasema Kiberiti akimbie na viatu vile vile, na kwamba mafundi wao wanauliza ule mshono unapitishwaje.

Jumamosi nilipiga kelele mpaka sauti ikakauka. Kiberiti aliwaka mapema kama kawaida yake, ila safari hii hakuzimika, akamaliza wa pili, nyuma kwa upana wa bega. Wa pili. Mimi mtu wa zamani nikakaa chini nikijua tumekosa. Kumbe dada wa kampuni, ambaye leo ndiyo kwanza tunamwona kwa macho, anashuka ngazi za jukwaa mbio, makaratasi mkononi, anacheka. Hakuna mahali walipoandika neno kushinda. Kiberiti akasaini akiwa bado anahema, na kwenye ukurasa wa mwisho palikuwa na kipengele kipya: baba wa mwanariadha haruhusiwi kufungua boksi kabla ya mwenyewe. Kaka alisaini kama shahidi, akatazama kisigino cha kiatu cha yule dada, akamwomba akivue.

Mpiga picha wao alipiga magoti majanini. Hakuhangaika na nyuso. Alipiga miguu ya Kiberiti, mshono wa njano, na mikono ya kaka ikifunga kamba.

Picha hiyo niliisafisha studio, nikaitundika ukutani, chini tu ya ile yangu ya gazeti. Jumapili kaka alikuja kunywa chai. Alisimama mbele ya ukuta muda mrefu, akatazama juu, akatazama chini, akatazama juu tena.

"Mdogo wangu," akasema, "sasa una miguu."