Samli Niliyoiita Zanikhi

Nilikuwa na daftari la uvundo. Hivyo ndivyo mke wa mwenye duka alivyoliita, ingawa juu ya jalada nilikuwa nimeandika "Maneno ya Kiarabu", tena baada ya kuchana majalada mawili yaliyopinda mwandiko. Sikusoma madrasa, na kwetu ni Wakristo. Kiarabu nilijifunza mwenyewe kwa simu, nikiwa nimekaa juu ya magunia ya mchele katika duka la Majengo nilikoajiriwa. Kilichoninasa ni kwamba Waarabu wa zamani hawakukubali neno moja litoshe kwa kila kilichoharibika. Nyama mbichi ikioza ina kitenzi chake, salla. Iliyopikwa ina chake, khamma. Yai likiwa viza, madhira. Maji yaliyobadilika lakini mwenye kiu bado anaweza kuyanywa ni ajini. Yakishindikana kunyweka ni asini. Mafuta na samli vikichacha ni zanikhi. Mimi ni mtu wa kurudi mara tatu kuangalia kama nimefunga kufuli. Orodha ile ilinituliza. Niliamini kwamba ukijua jina la kila kibaya, hutakosea.

Mwenye duka, mzee wa asili ya Kihindi, Mwislamu aliyezaliwa papa hapa Dodoma, aliniita ustadhi kwa utani. Samli ikiletwa, alinipa mimi niijaribu. Unapaka kidogo nyuma ya kiganja, unasugua mpaka iyeyuke kwa joto la ngozi, kisha unanusa. "Haya ustadhi, toa hukumu." Wenye maduka ya jirani walikuwa wakisikiliza. Samli iliyokataliwa kwetu ilikataliwa mtaa mzima, maana hakuna aliyetaka kuonekana amenunua kilichomshinda mwenzake.

Wiki moja mzee alikuwa akitafuta samli ya biriani ya harusi ya binti yake, na mimi nilikuwa na mafua ya vumbi. Asubuhi nilifungua kopo la karafuu nikaingiza pua humo. Sikusikia kitu. Nikajaribu mafuta ya taa, nikajaribu sabuni ya mche. Hakuna. Ingetosha kusema, "Mzee, leo pua imeziba." Sikusema. Niliogopa wangeona kwamba bila pua mimi ni daftari tu.

Saa nne akaja mama mmoja kutoka Haneti na ndoo ya samli, kaifunika kwa kanga. Nilimpa shikamoo. Aliniitikia, kisha akanisalimu kwa Kigogo, "Mbukwenyi," kama mtu aliyemkuta wa kwao.

Nikapaka. Nikasugua. Nikanusa, nikanusa tena. Kama ni mbovu na nikaipitisha, harusi nzima itaila. Kama ni nzima na nikaikataa, atakayeumia ni mmoja. Hesabu hiyo niliifanya kweli, mama akiwa amesimama mbele yangu.

"Zanikhi," nikasema.

"Ndiyo nini hiyo?" mama akauliza.

"Imechacha, mama," mzee akamjibu kwa upole. "Huyu kijana hakosei."

"Nimeitoa motoni juzi."

"Basi labda chombo."

Mama aliitazama pua yangu, nyekundu kwa kupenga tangu alfajiri. "Mwanangu, umenusa au umesoma?"

Jirani wa duka la maharage akacheka. Mama akafunika ndoo, akaenda duka la pili. Nilimwona mwenye duka lile akitikisa kichwa kabla hata kanga haijafunuliwa. Akaenda la tatu. La tatu walimpungia mkono tokea ndani.

Ndipo nikamgeukia mzee. "Sikunusa kitu. Nina mafua tangu jana."

Hakunikaripia, na hilo lilinitisha zaidi. Aliweka tasbihi yake juu ya mzani. "Kwa nini ulisema?"

"Niliogopa kukosea."

"Sasa umefanya nini?"

Nikamkimbilia mama nikamrudisha. Mzee alijipaka mwenyewe, akanusa kwa muda mrefu, akaniangalia. "Nzima kabisa. Nitaichukua yote, mama. Tusamehe."

"Hapana, mzee," mama alisema. "Nikikuuzia wewe, watasema umenionea huruma. Wiki ijayo nikileta nyingine watakumbuka ya leo. Nikopeshe huyu msomi wako nusu saa."

Mzee akaashiria nimfuate.

Nikabeba ndoo. Duka la pili nilisema kwa sauti ndogo kwamba samli hii nilikuwa nimeikataa bila kuinusa. "Sema kama ulivyosema mwanzo," mama akaniambia. "Mwanzo ulisikika mpaka kwenye maharage." Nikarudia, masikio yakiwaka. Mwenye duka akacheka, "Kumbe ustadhi ana makamasi," lakini hakupaka.

Duka la tatu nilisema bila kuambiwa, kwa nguvu. Yule bwana akapaka samli nyuma ya kiganja, akasugua, akafumba macho. Mama hakumtazama. Alinitazama mimi, kama mchungaji anayemjua mbuzi mtoro.

"Ni nzima," bwana alisema. "Nipimie nusu ndoo."

Nikainama niweke ndoo chini.

"Usiitue bado," mama alisema. "Yule wa kule mwisho hajasikia."