Mama Yetu Aenda Shule

Usiniambie mtoto mdogo hajui anachotaka. Mimi Dama nimemwona kwa macho yangu, hapa hapa Mwakirunge, akimnyamazisha ndugu yangu Munga, na Munga si mtu wa kunyamazishwa.

Kache ni bintiye wa kwanza. Kwa desturi yetu Wagiriama alipewa jina la nyanyake mzaa baba, yaani mama yetu, marehemu. Basi tangu akinyonya, Munga humwita "mayo", mama. Akirudi kutoka timboni kuchimba mawe, vumbi hadi kwenye kope, wa kwanza kumsalimu ni yeye: "Mayo, umeshindaje?" Nami humwita vivyo hivyo. Si mzaha, ndivyo tulivyolelewa.

Januari akaanza shule. Siku za kwanza alilia, akang'ang'ania leso yangu nusura anivue mbele ya watu. Halafu siku moja Mwalimu Mwanasaumu akawatoa nje, akawaonyesha mawe ya ukuta wa darasa: ndani yake mna makombe ya baharini! Akawaambia zamani sana hapa palikuwa bahari. Weee! Mtoto alirudi mbio, hata maji hakunywa. Ukuta wa choo, kombe! Kizingiti, kombe! "Shangazi, unalala ndani ya bahari na huna habari!" Nilicheka, lakini nilikwenda kutazama. Miaka yote naegemea ukuta ule, wallahi sikuwahi kuliona hata moja.

Toka hapo hakushikika. Asubuhi unamkuta keshavaa sare, anangoja mlango ufunguliwe. Na maswali sasa! Bahari ilifukuzwa na nani? Samaki walihamia wapi? Mbona baba anavunja mawe na hajatuambia? Alikuwa na raha mtoto yule, raha ya kweli, mpaka nikamwonea wivu.

Ndipo wifi yangu Linda akapata kazi ya kugonga kokoto. Jioni tukila sima, Munga akatangaza, "Kache atakaa nyumbani amshike mdogo wake Masha. Shule haikimbii, ataenda mwaka ujao."

Nilipandwa na hasira, nikarudisha tonge sahanini. Mwaka ujao! Mama yetu aliambiwa maneno hayo hayo. Aliwekwa nyumbani kulea wadogo zake, na huo mwaka ujao haukufika, hadi anakufa alikuwa akisomewa na watu hata karatasi ya dawa zake. Nikafungua mdomo, lakini mtoto akanitangulia. Akasimama, mikono ina sima.

"Munga."

Hakusema baba. Linda akashika mdomo.

"Wewe huniita nani?" mtoto akauliza.

Munga akajibu, "Mayo."

"Basi mama yako haambiwi kaa. Naenda shule. Mwalimu hajamaliza kutuambia habari za bahari."

"Na Masha atashikwa na nani?"

"Si mwanao? Mshike wewe."

Haya! Mtoto mwingine angepigwa kofi pale pale. Lakini nani atamzaba mamake kofi, tena mbele ya dadake? Munga alinitazama mimi, kana kwamba nitamwokoa.

"Usiniangalie," nikamwambia. "Mama wa kwanza alinyamaza. Huyu hanyamazi, na mimi niko upande wake."

Tukapatana zamu: asubuhi Masha ni wa babake, mchana ni wangu.

Kulipokucha, Munga alisimama njiani na Masha amefungwa mgongoni kwa leso ya maua. Wenzake wa timboni wakipita walicheka hadi wakashikana mabega. Wacha wacheke, hawatulishi wale! Munga hata hakuwasikia. Alikuwa akimtazama Kache akiteremka na mkoba wake, mbio, wala hageuki nyuma.

"Dada," akaniambia. "Mama anaenda shule."

"Mwache aende," nikamjibu. "Amengoja sana."