Sahani Moja na Mke Mwenzangu

Tulipotoka eda, yeye kwake na mimi kwangu, mke mwenzangu alinipigia simu akasema tukutane Mwanga, kwenye mgahawa ulio nyuma ya soko. Nikamuuliza, mbona usije Ujiji nyumbani?

"Kwako sijawahi kuingia, na kwangu hujawahi kukaa," akasema. "Tukutane pa watu."

Nikaenda. Sikuwa na hamu ya kwenda wala ya kukataa. Tangu mzee afariki nilikuwa hivyo, mtu akisema simama, nasimama.

Mgahawa wenyewe ni meza nne chini ya bati. Wanaopika pale nawajua majina yote, na ya mama zao, ila hapa siyaandiki. Msichana wa kuhudumia akaja na birika na beseni kutunawisha.

"Shikamooni bibi zangu. Mmefanana! Ni ndugu?"

"Mume mmoja," mwenzangu akasema.

Msichana akacheka mpaka maji yakamwagikia kanga yangu. "Basi sahani moja au mbili? Nisije nikaanzisha vita hapa."

"Moja," mwenzangu akajibu kabla sijafungua mdomo.

Miaka yote ya ndoa hatukuwahi kula pamoja. Mzee alikuwa na zamu, siku mbili kwangu, siku mbili kwake, na sufuria zetu hazikukutana. Hata kwenye harusi za wanangu yeye alikaa na wageni. Sasa ukaletwa ugali wa muhogo na mgebuka mzima ndani ya mawese, kisamvu pembeni. Mwenzangu akamega, nami nikamega. Mawese niliyaona yanang'aa, ila ulimi haukukamata kitu.

"Bibi, kula, huyo samaki atarudi ziwani," msichana akasema akipita.

Mwenzangu alikuwa anachambua miiba, nyama anaisukuma upande wangu. Nikajua ana neno.

"Bi mkubwa," akasema, "vile vyumba alivyonipangia mzee, mwenye nyumba anavitaka. Mtoto sina, unajua. Kaka yangu wa Ilagala ameniita, lakini mkewe ameshaniambia wazi kwamba nitalala jikoni na kuku. Naomba unipokee."

Nikatafuta hasira. Zamani ilikuwa karibu tu, ukinitajia jina lake inakuja. Nikatafuta huruma, nayo haikuwepo. Niliona tu kidole chake, pete imezungushiwa uzi isidondoke.

"Wanangu watasema," nikamwambia.

"Watasema nini? Nimesemwa na wewe miaka yote, na nimenenepa."

Anasema hivyo na mifupa yake ile. Watu wa meza ya pili wakaangua kicheko. Mimi sikucheka, ingawa nilisikia kwamba ni maneno ya kuchekesha.

"Chumba cha nyuma kinavuja," nikasema.

"Nitaweka ndoo."

"Redio asubuhi sitaki."

"Nitaiacha."

"Basi hamia Ijumaa."

Akanawa, akajifuta kwa ncha ya mtandio, kisha akauliza polepole, "Umenisamehe, bi mkubwa?"

Nikafikiri kidogo, maana nilitaka kumjibu kweli.

"Sijui," nikamwambia. "Wewe njoo tu."

Ijumaa akaja, godoro limefungwa juu ya bajaji. Nikamfungulia, nikamwonyesha chumba, nikarudi kujilaza.